Safari Yangu ya Nairobi, Kupitia Tengeru

Jumatatu, 12 Julai 1993

Ukungu tangu alfajiri. Mlima Meru hauonekani kabisa. Baridi imeingia hadi ndani ya soksi.

Habari kubwa! Kikundi chetu cha matarumbeta kimealikwa Nairobi, kwenye sikukuu ya usharika mmoja wa huko. Nairobi! Nje ya nchi! Mzee Anande, mwenyekiti wa kamati ya usharika wetu, alitangaza jana baada ya ibada. Jumapili ijayo kamati itamchagua mkuu wa msafara. Sifa inayotakiwa ni moja tu: awe mtu anayeijua Nairobi, asije akawapoteza vijana wa watu.

Kanisa zima likamgeukia Stanley. Kawaida yao. Stanley ni Mmachame, ana duka la nguo Ngarenaro, na kila shati lililomo humo eti limetoka Nairobi. Ukutani ametundika picha yake akiwa huko: amesimama mbele ya ghorofa refu, juu yake ndege inapita, kando yake ameketi simba. Huwezi kuoneshwa soksi katika duka lile kabla hujaoneshwa picha.

Mimi sijawahi kuvuka Namanga. Lakini nani anajua? Marta, mke wangu. Basi.

Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu. Nautaka ukuu huu kuliko chakula. Tangu kiwanda nilichofanyia kazi kilipofungwa nimekuwa "yule mume wa Marta wa chai." Marta ana banda la chai hapa Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira. Watu wakipita wanamsalimia yeye kwa jina, mimi wananisalimia kwa kidevu. Inaniuma. Mkuu wa msafara hasalimiwi kwa kidevu.

Mpango umenijia nikiosha vikombe. Nimetangaza bandani, kwa sauti, kwamba kesho nakwenda Nairobi kwa shughuli zangu binafsi. Kumbe nitajificha kwa Shangazi Kaanaeli, kule Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru. Ijumaa narudi nimeiva. Jumapili nachaguliwa. Mpango safi, hauna tundu hata moja.

Nimejiuliza kwa nini nisiende kweli. Jibu ni rahisi. Kwenda kweli kunataka nauli, karatasi za mpakani na ujasiri. Kutokwenda kunataka akili tu, na hiyo ninayo tele.

Jumanne, 13 Julai

Tundu la kwanza. Sikutegemea kusindikizwa.

Kikundi kizima kimekuja stendi na matarumbeta yake! Wamenipigia nyimbo mbili za kuaga, moja ni ya mazishi. Marta kanifungia maandazi kwenye kitambaa, ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Bi Zuleha, jirani yetu anayeuza vitumbua, kaniombea dua ndefu. Ningefanya nini? Nimepanda gari la Namanga mbele ya macho yao, nikapunga mkono dirishani. Machozi yalinitoka, ya kweli. Kuondoka nchini si jambo dogo.

Nimeshuka Ngaramtoni. Kondakta akasema hata injini haijapata moto. Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani. Hakuuliza ni nini.

Tundu la pili. Nkoaranga iko upande wa pili wa mji! Kutoka Ngaramtoni hadi kwa shangazi lazima upite tena katikati ya Arusha, palepale nilipoagwa. Nimepata lori la nyasi za ng'ombe linalokwenda Usa River. Nimelala chini ya nyasi, nikapiga chafya kuanzia Sakina mpaka Tengeru. Dereva akalalamika kwamba hajawahi kubeba majani yenye mafua.

Tulipokuwa tunapita Ngarenaro nilichungulia. Duka la Stanley limefungwa! Mlangoni kaandika kwa chaki: MWENYE DUKA YUKO NAIROBI. Itakuwaje nikikutana naye huko? Nilifika karibu na daraja la Themi ndipo nikakumbuka kwamba mimi siendi.

Shangazi Kaanaeli nimemkuta shambani, goti lake limevimba, hasira zake ziko palepale. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, na papo hapo akanitundika kikapu cha kuchumia kahawa shingoni. Hakuuliza nimefuata nini. Nilimweleza mwenyewe: mtu yeyote akija kuniulizia, aseme niko Nairobi. Akasema ni sawa, na kwamba huko Nairobi mstari wa juu wa mibuni haujachumwa bado.

Jumatano, 14 Julai

Siku ya soko Tengeru! Siku yangu kuu ya utalii.

Nimeamka na wazo. Mtu aliyekwenda nje lazima arudi na habari. Basi leo nitatembea, nitatazama, nitakula, na kila nitakachokiona nitakihamishia Nairobi. Nimemuaga shangazi kwamba naenda kuona miji. Akanipa na kibuyu cha mtindi, nimpelekee mteja wake sokoni.

Kwanza ziwa Duluti. Zuri mno! Maji ya kijani, miti imeinama kama inanong'ona, kima wanarushiana matunda. Kenge mmoja, mnene kama mto wa kulalia, akaingia majini bila haraka. Je, Nairobi kuna ziwa? Sijui. Kuanzia leo lipo.

Kisha sokoni. Nimekula kama mtu asiyejulikana na yeyote. Mishikaki kwa pilipili ya kuponda. Hindi la kuchoma lililosuguliwa ndimu na chumvi. Ndizi mbili za kuchoma, za moto hadi nikaruka. Halafu loshoro kwa mama mmoja aitwaye Nanyori, mahindi na ndizi zilizopondwa ndani ya maziwa ya mgando. Nimemaliza bakuli, nikaongeza la pili. Nikamuuliza Mama Nanyori kama chakula hiki kinaliwa hata Nairobi. Akaniambia, wewe baba, kula, maziwa hayangoji. Hiyo nitaiita supu baridi ya mahotelini.

Sasa mavazi. Tangu serikali iruhusu mitumba, dunia nzima inavua nguo na kuzileta Tengeru. Saruni, muuzaji ninayemfahamu kwa sura, alikuwa anafungua robota mbele ya umati. Ndani, makoti mekundu! Mekundu ya kuwaka, mabegani kamba za dhahabu, kifuani vifungo vya shaba vyenye picha ya ngoma. Robota zima la makoti ya namna moja. Saruni anaapa ni ya majenerali wa Ulaya waliostaafu. Nimelivaa moja. Mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, lakini Saruni ameniambia majenerali hutumia wa kulia zaidi. Nikaongeza suruali ya njano inayokoma juu ya kifundo cha mguu, na kofia nyeusi yenye unyoya. Saruni hana kioo kikubwa, ana kile kidogo cha pikipiki. Nimejiona kipande kipande: bega, kidevu, unyoya. Kila kipande kilipendeza.

Karibu na mizani ya ndizi kuna mpiga picha mwenye kamera ile inayotoa picha hapo hapo. Ana pazia kubwa lililochorwa. Nikalitazama, nikabaki mdomo wazi. Ghorofa lilelile la kwenye picha ya Stanley! Ndege ileile, yenye bawa moja! Simba yuleyule, mwenye makengeza! Nimemvulia kofia mchoraji huyo. Amekwenda Nairobi na kuichora bila kukosea kitu, hata makengeza.

Nikasimama mbele ya pazia, koti limenikaa, mkono mfupi nimeuficha nyuma. Picha imetoka vizuri ajabu. Ni Nairobi tupu!

Halafu pigo. Nageuka, namwona nani? Stanley! Amesimama kwa Saruni, amekumbatia yale makoti mekundu hadi kidevuni. Macho yetu yakakutana. Makoti yakamdondoka. Uso wake ukawa wa majivu. Mimi nikajitupa nyuma ya mikungu ya ndizi, na nilipochungulia tena hakuwepo.

Nimeelewa yote. Amekuja kunipeleleza! Ebu fikiria roho ya mtu huyu. Yuko zake Nairobi, ana maghorofa, ana simba, anayaacha yote na kukimbia hadi Tengeru kunivizia mimi. Nani kamwambia?

Alhamisi, 15 Julai

Sikupata usingizi. Jumapili Stanley atasimama mbele ya kamati na kusema aliniona sokoni Tengeru, mdomo umejaa hindi. Nitakwisha. Sitakuwa hata mume wa Marta wa chai. Nitakuwa yule aliyesindikizwa kwa matarumbeta hadi Ngaramtoni.

Nimechuma kahawa mbichi pamoja na mbivu bila kujua. Shangazi kanichapa kidogo mkononi na kuniuliza kafa nani. Nikamweleza yote. Akaniambia nikakate isale.

Ilikuwaje sikulifikiria! Isale, jani lile refu la kwenye mipaka ya mashamba huku kwetu. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hakatai. Hawezi. Hata kama umechoma nyumba yake, akishalipokea ugomvi umekufa. Sisi Wameru tunalo, Wachaga wanalo, na Stanley ni Mchaga wa Machame hadi ukucha. Amenasa!

Shangazi akasema isale si kinga ya mvua, ni la mtu anayejuta. Je, najuta? Nikamjibu kwamba najuta sana kuonekana. Akarudi kwenye mibuni yake.

Nimekata mawili. Moja la Stanley, moja la akiba.

Ijumaa, 16 Julai

USHINDI!

Nimeingia Kaloleni kwa miguu, mchana, ukungu umefunguka, koti jekundu, suruali ya njano, unyoya unacheza. Watoto wakanifuata. Wacheza bao wakasimama. Fundi baiskeli akaacha gurudumu likiviringika peke yake. Hakuna kidevu hata kimoja! Watu wananiita kwa jina langu: Elihuruma amerudi, Elihuruma huyo! Nilisikia raha mno.

Banda la chai lilijaa. Nikahadithia. Ziwa katikati ya jiji, kima wanarushiana matunda, kenge wanaojitembeza bila kusumbuliwa na askari. Supu baridi ya mahotelini. Suruali fupi, kwa kuwa mwaka huu Nairobi hakuna mtu wa maana anayefunika kifundo cha mguu.

Hapo Bi Zuleha akatikisa kichwa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alilelewa Nairobi, huko Pumwani, hadi alipoolewa. Akasema enzi zake hakukuwa na ziwa mjini. Jasho likanitoka chini ya dhahabu. Nikamwambia limewekwa juzijuzi. Bi Zuleha akafikiri, akasema mashallah, wenzetu wanaendelea. Akanipa kitumbua cha bure.

Mambo yakaharibika kidogo nyumbani. Shangazi alinilazimisha kubeba kapu la ndizi. Marta akalipokea, akalitazama fundo la kitambaa cha buluu, lile la shangazi la siku zote, lililofungwa juu yake. Akaniuliza, kwa upole kabisa, shangazi anaendeleaje na goti. Nikamjibu kwamba uvimbe unapungua, ila ngazi zinamsumbua.

Kisha nikakumbuka kwamba nimetoka Nairobi.

Marta alicheka mpaka akakaa chini. Akanipukuta nyasi za ng'ombe kwenye ukosi na kucheka upya. Nikachomoa isale moja, nikampa kwa mikono miwili. Akafuta macho. Marta ni wa Marangu, jambo hili limo ndani ya damu yake. Alilitazama jani, akanitazama mimi na unyoya wangu, akalipokea. Akasema kwa kinywa chake, "Haya, yameisha, baba. Lakini ungeniambia, ningekufungia maandazi ya siku nne, si ya njiani." Limefanya kazi! Bila hata mkwaruzo!

Nimebakiwa na moja. Hilo ni la Stanley.

Jumamosi, 17 Julai

Vijana watatu wa kikundi wamekata suruali zao. Mmoja amekata ya kanisani, mama yake anamtafuta. Nimeanzisha mtindo! Mimi, ambaye wiki iliyopita nilikuwa naosha vikombe. Leo pia nimeosha vikombe, lakini nikiwa nimevaa koti.

Saa za jioni Stanley akaja. Nimemwona kwa mbali akivuka uwanja, mkono mmoja ameuficha nyuma. Nikajua kisu, au barua ya kamati. Nikachukua isale langu, nikauficha mkono wangu nyuma vilevile. Tukasimama mlangoni, kila mtu na mkono wake nyuma. Tulisalimiana. Tukaulizana habari za nyumbani. Tukasifu hali ya hewa, ambayo ni mbaya. Marta yuko dirishani.

Nikavuta pumzi ili nianze. Stanley akaniwahi. Akatoa mkono, na mkononi mna nini? Isale! Bichi, limetoka kukatwa! Akaniambia, "Ndugu yangu Elihuruma, yale uliyoyaona Tengeru, nakuomba yaishie Tengeru. Nina duka. Nina watoto shuleni. Nihurumie."

Sikuamini masikio yangu. Anajuta kunipeleleza! Dhamiri imemchoma hadi kalala nayo siku tatu. Nikalidondosha langu taratibu nyuma ya mlango, nikalipokea lake. Nikamwambia nimemsamehe kabisa, ila siku nyingine asiuache mji mzuri kama Nairobi kwa ajili ya mambo madogo. Akanitazama kama aliyepotea njia. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, akasema mimi ni muungwana kuliko alivyofikiri. Ni kweli.

Nilipoingia ndani Marta alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nadhani aliguswa.

Jumapili, 18 Julai

Naandika kwa furaha tupu. Niende kwa utaratibu.

Baada ya ibada kamati ikakaa katika ukumbi wa vijana, watu wamejaa hadi madirishani. Wagombea wawili: Stanley na mimi. Mzee Anande akasema kila mmoja alete ushahidi kwamba anaijua Nairobi. Stanley akatoa ile picha yake ya dukani, kwa uzito, kama anayeng'olewa jino. Mimi nikatoa yangu kwa madaha. Zikawekwa mezani, bega kwa bega.

Mzee Anande akavaa miwani. Akatazama moja, akatazama ya pili. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema picha ya Stanley ni ya mwaka juzi, na ya Elihuruma ni ya wiki hii. Akauliza: hii ndege, tangu mwaka juzi, haijatua?

Stanley alikuwa anatoka jasho, katika Julai! Nikaona macho yote, nikaona kidevu cha kila mtu kikianza kunyanyuka. Hapana! Nikainuka. Nikaieleza kamati kwamba Nairobi ndege ni nyingi mno, ikipita hii inakuja nyingine inakaa palepale, kwa foleni. Na simba ni wa halmashauri ya jiji, ameajiriwa.

Stanley akaruka juu. Akasema ndiyo, ndiyo, ni wa halmashauri, hata yeye alimkuta kazini. Mzee Anande akauliza kuhusu bawa moja. Stanley akasema la pili liko upande wa pili. Mzee Anande akauliza kuhusu makengeza. Nikasema ni vumbi la magari.

Mchungaji, aliyekaa pembeni muda wote, alikuwa ameziba mdomo kwa Biblia. Alipoweza kusema alisema kwamba watu wawili waliotazama kitu kimoja na kukiona sawasawa hivi, hata kengeza halipungui, hawajawahi kutokea katika usharika huu, na ni vizuri wasafiri pamoja. Ndipo Stanley akasimama tena. Akatangaza mbele ya wote kwamba yeye anajitoa, Elihuruma anaijua Nairobi kumzidi, na akubaliwe tu kuwa msaidizi wake. Alisema hivyo! Stanley! Isale ni kitu cha kuogopwa.

Mikono ikanyooshwa. Mkuu wa msafara: mimi.

Na haikuisha. Stanley akafungua gunia alilokuja nalo. Makoti mekundu, ya kikundi kizima! Alisema ameyanunua Nairobi, duka lilelile nilikonunua langu mimi. Akanitazama kwa wasiwasi. Nikasema ndiyo, nalifahamu duka, mwenye nalo ni mtu mwema. Vijana wakavaa palepale. Kila koti mkono wa kushoto mfupi. Tukatoka, tukapanga mistari, tukapiga kuzunguka kanisa hadi barabarani, mimi mbele na tarumbeta langu kubwa la besi, vifundo vya miguu nje, dhahabu inang'aa. Meru ulikuwa umetoka mawinguni wote, hadi kileleni. Magari yalisimama. Mwanamke mmoja alimuuliza mwenziwe yule wa mbele ni nani, na mwenziwe akamjibu kwa jina langu, bila kumtaja Marta. Nilikosea noti nyingi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Jumatano, 21 Julai

Tunaondoka kesho. Kweli kweli, kuvuka Namanga.

Mchungaji aliniita pembeni. Akasema ana rafiki Nairobi, anaweza kumpigia simu aje atupokee mpakani na kutuongoza mpaka kanisani. Alisema mara tatu kwamba hakuna aibu. Nimekataa kwa heshima. Mkuu wa msafara hapokelewi kama kifurushi.

Wala sina wasiwasi. Stanley anaijua Nairobi yote, nitatembea nyuma yake kidogo na kuonekana kama nampima. Yeye naye ni mnyenyekevu siku hizi. Jana kaniuliza kwa sauti ya chini, tukishuka garini tunashika kulia au kushoto? Ananijaribu. Nikamjibu kwamba nitamwachia yeye heshima hiyo. Akameza mate.

Hata hivyo, mtu mwenye akili hujiandaa. Leo jioni nimekwenda kwenye ua wa kanisa, ule wa masale, na kisu. Nimekata moja la kila kijana wa kikundi, matatu ya Mchungaji, na kishada kizima cha wazazi. Nitayatia ndani ya mdomo wa tarumbeta la besi. Sauti itapungua, lakini hakuna atakayelalamika.

Nimemkuta Stanley palepale, naye ana kisu, kwapani amebana masale ya kutosha kuezekea banda. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya mbuzi. Mbuzi hali masale, hilo najua, lakini Wamachame wana ufugaji wao. Nikamwachia upande wa kulia wa ua, mimi nikamaliza wa kushoto.

Tukirudi salama nitawaambia Kaloleni kwamba tulifika hadi Mombasa. Bahari nitaiangalia Duluti.